Poda Ndani ya Kichupa

Rispah Mangi hakuwa mtu wa kuchukia watu. Alizaliwa bara kidogo, nje ya Mackinnon Road, kwa mfugaji aliyekuwa na mbuzi wengi na ng'ombe wachache, wote wembamba. Baba yake, Mzee Mangi, aliswali Ijumaa. Mama yake aliimba kwaya. Nyumba ile ilikula sikukuu zote mbili na watoto wakakua bila kuuliza maswali mengi. Pengine ndiyo maana Rispah alipotoka shule ya uuguzi na kuajiriwa pwani, alikaa vizuri na kila mtu: Wadigo wa Ukunda, wafanyakazi wa mahoteli waliotoka magharibi na mlimani, hata wenye kiburi. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya chini, na watoto wachanga walikuwa wakinyamaza akiwashika.

Kazi yenyewe ilikuwa katika hospitali ndogo ya binafsi, upande wa barabara ya Diani. Mwenyewe ni Bwana Cliff, tajiri aliyeijenga akitegemea wageni wa mahoteli. Mzungu mmoja aliyetibiwa pale malaria akapona alikuwa ametuma shukrani yake kwa meli: vitanda viwili vya joto vya watoto njiti, na mashine ya kupima presha yenye vikanda vyembamba vya kufunga mkono usiozidi kidole cha mtu mzima. Kwa hiyo hospitali ile, ndogo kama ilivyokuwa, ilikuwa na chumba cha watoto wachanga kilichosifiwa hadi Vanga.

Mkuu wa wauguzi aliitwa Concepta. Alitoka upande wa Busia, mwanamke mnene mwenye mikono laini, na yeye ndiye aliyemfundisha Rispah kumgeuza mtoto wa kilo moja bila kumshtua. Vurugu za Likoni zilipolipuka mwaka 1997 na watu wa bara wakawa wanafukuzwa, Concepta alijificha katika chumba cha Rispah kule Ukunda. Vijana walipobisha, Rispah alisimama mlangoni akawaambia kwa Kiduruma, lugha ya kwao, kwamba anaishi peke yake. Wakaondoka. Tangu siku hiyo Concepta alimwita mdogo wangu, na Rispah akamwita dada.

Mwaka uliofuata ulikuwa mbaya. Wageni walikuwa wameacha kuja, mvua za El Nino zilikuwa zimezikata barabara, mahoteli yalikuwa yakifunga milango. Hospitali nayo ilikonda. Ila mtunza stoo ya dawa, kijana wa Nairobi aitwaye Griffin, alizidi kunawiri. Mashati yalikuwa mapya, viatu vinameta, mdomo umejaa mzaha. Wauguzi walimpenda kwa sababu aliwachekesha. Bwana Cliff alimpenda kwa sababu kila Jumamosi akiingia stoo kukagua, maboksi ya dawa yalikuwa yamejaa.

Katika miezi hiyo uso wa Concepta ulianza kubadilika rangi. Ulikuwa wa kahawia, ukawa mwekundu, kisha ukawa na rangi ya tambi zilizochemshwa. Vifundo vya vidole vilibaki vyeusi. Mashavuni kulitokeza vishipa vyembamba. Alipoinama kitandani kwa mtoto alinukia marashi mazito, na chini ya marashi harufu nyingine, kama mafuta yaliyochina. Rispah aliiona na kuinusa, akanyamaza. Mwanamke mzima anaujua mwili wake.

Mwezi wa Juni akaja Mapenzi. Alikuwa mke wa Abdurahman, fundi mwashi wa kijiji cha Jego aliyekuwa Diani kukarabati ukuta wa hoteli. Mapenzi alikuwa amemfuata mumewe kwa siku chache tu, mimba ikiwa ya miezi saba, akashikwa na homa. Alifika hospitali akitetemeka, na asubuhi akajifungua mtoto wa kiume mwenye ngozi nyembamba kiasi cha kuonyesha mishipa. Concepta siku hiyo hakuwapo. Alikuwa ameomba ruhusa, akisema kichwa kinamuuma.

Mtoto alilia mara moja, kwa sauti ya paka, kisha akachoka. Ilikuwa wazi kwamba ile homa ya mama imemwingia. Daktari wa zamu alikuwa Tsuma, kijana mpole wa Kinango aliyekuwa amerudi karibuni kutoka kusoma Nairobi. Alimpa mtoto dawa za kuua vijidudu, akamwongezea maji kwa dripu, presha ikabaki chini. Akaanzisha dawa ya kuusukuma moyo, akaiongeza kidogo kidogo. Namba kwenye mashine zikapanda kwa muda mfupi, zikashuka tena. Miguu ya mtoto ilikuwa ya baridi na madoadoa ya zambarau. Mkojo ulikuwa umekatika.

Daktari Tsuma alimwita Abdurahman kando ya mlango. Rispah alikuwa karibu, akisikia.

"Kaka, mtoto wako ana presha ya chini sana," alisema. "Damu haifiki kunakohitajika. Dawa tulizompa zimeshindwa."

"Sasa, daktari?"

"Juu ya figo za mtu kuna vitezi vidogo. Mwili ukishambuliwa, vile vitezi hutoa kitu cha kuusaidia usimame. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, vyake wakati mwingine havijakomaa. Kuna dawa inayofanya kazi hiyo badala yake, inaitwa haidrokotisoni. Nimeona ikitumiwa Nairobi kwa watoto waliofikia hapa. Si dawa ya kila mtoto. Inaweza kupandisha sukari, inaweza kuudhuru utumbo. Lakini tusipojaribu, namwona akienda."

Abdurahman alikuwa na saruji kavu kwenye nywele za mikono. Alitazama chini. "Mpe," alisema. "Mwenyezi Mungu ndiye mjuzi. Mpe."

Rispah alikwenda stoo, akapewa boksi na Griffin, akarudi nalo mbio. Alitoa kichupa kimoja, akaingiza maji safi ya sindano, akakitikisa. Dawa ile hufika ikiwa unga mweupe, na ikiguswa na maji huyeyuka papo hapo, ikawa angavu. Rispah alikuwa ameichanganya mara nyingi kwa watu wazima wa pumu. Lakini unga wa safari hii haukuyeyuka. Uliogelea juu ya maji ukaganda kwenye kioo kwa mabaka. Alitikisa tena. Maji yakawa kama ya kuoshea mchele.

Alikiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Ukingo wa kifuniko cha bati ulikuwa na gundi, ile ya kubandikia soli za viatu. Alikisogeza puani. Aliijua harufu ile. Kila siku alikuwa akiinusa kwenye shingo za watoto. Ilikuwa poda ya watoto.

"Daktari," alisema. "Daktari, njoo unuse."

Tsuma alinusa. Alichukua kichupa cha pili, akang'oa bati kwa mkasi, akamwaga unga kiganjani, akausugua kwa kidole. Uliteleza. Akafungua cha tatu. Vilevile. Rispah alitazama sindano iliyokuwa tayari mkononi mwake na mshipa mwembamba kwenye mguu wa mtoto, pale ambapo angeisukuma kama asingetazama. Alikimbilia sinki akatapika.

Griffin aliitwa. Alikuja akitabasamu, akaona vichupa mezani, tabasamu likabaki limening'inia.

"Aa, daktari, hao masaplaya wa Mombasa ni wezi," alisema. "Wametuletea feki. Nitawapigia simu saa hii."

"Hii gundi ni ya masaplaya?" Rispah aliuliza.

"Sista, mimi nitajuaje? Usifanye noma kwa maneno ndogo."

Daktari Tsuma, ambaye hakuwahi kupaza sauti hospitalini, alimshika Griffin ukosi wa shati akamvuta hadi kwenye kitanda cha joto. "Mtazame," alisema. "Anakufa mbele yako. Baba yake yuko nyuma ya ule ukuta, na mikono yake umeiona. Nikuulize mimi, au nimwite akuulize yeye? Dawa iko wapi?"

Griffin alimtazama mtoto kwa muda mfupi, kama mtu anayelazimishwa kutazama jua. Kisha akasema kwa haraka, akiangalia viatu vyake, "Iko Ukunda. Saluni ya Gillian. Kuna vingine hajavifungua."

Kwenda kutafuta dawa ile Mombasa kulikuwa na feri na foleni yake, na mtoto hakuwa na subira hiyo. Tsuma alibaki akimshikilia kwa dripu. Rispah na Griffin waliingia kwenye pikapu ya hospitali. Njia nzima Griffin alikuwa akieleza. Alisema wanawake wanaitaka, wengine huichanganya kwenye krimu, inalainisha uso, inaharakisha weupe. Alisema Gillian alikuwa akimrudishia vichupa vitupu, naye anavijaza, maboksi yasionekane yamepungua. Alisema hakuna mtu angeumia, wagonjwa wa pumu wenyewe wamekimbia na watalii.

"Ukatia poda ya watoto," Rispah alisema.

"Ilikuwa na rangi sawa, sista."

Rispah aliteremsha kioo cha mlango ili apate hewa.

Saluni ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la kanda za muziki, na pazia la shanga mlangoni. Harufu ilimpokea kabla ya watu: marashi mazito, na chini yake mafuta yaliyochina. Gillian, mwenye saluni, mwembamba mwenye kucha ndefu, alikuwa akikoroga kitu kwenye bakuli la plastiki kwa mwiko wa ugali. Kilikuwa cha manjano, kizito, chenye kiini cha yai na jeli na krimu za kila namna, na nzi alikuwa amezama ukingoni, miguu ikichezacheza. Pembeni ya bakuli vilikuwapo vichupa viwili vilivyofunguliwa. Kwenye rafu, kati ya wigi na chupa za asetoni, kulikuwa na boksi lenye mhuri wa hospitali.

Wanawake watatu walikuwa wameketi wakingoja, wamepakwa mkorogo usoni na shingoni, na juu yake wamefungwa mifuko ya nailoni ili joto liuingize ndani. Jasho lilikuwa likiwachuruzika chini ya nailoni, limechanganyika na manjano. Mmoja alifumbua macho.

Alikuwa Concepta.

Rispah alisimama. Kwa muda hakuelewa anachokitazama. Alikuwa ameujua uso ule kwa miaka, sasa ulikuwa umevimba ndani ya mfuko kama nyama ya buchani. Concepta aliinua mkono kuuficha.

"Mdogo wangu," alisema, nailoni ikimnasa midomoni. "Usinitazame hivyo."

"Dada, ulijua zinatoka wapi?"

"Niliambiwa zimepitwa na wakati. Griffin aliniambia zinatupwa."

"Una macho. Boksi liko juu ya kichwa chako. Tarehe imeandikwa."

Concepta hakuangalia juu. "Rispah, tafadhali. Tumetoka mbali mimi na wewe. Ulinificha kwako watu walipotaka kunichoma. Nifichie na hili."

Kumficha mtu asiuawe lilikuwa jambo safi maishani mwa Rispah, pengine safi kuliko yote, na sasa lilikuwa limetolewa likapakwa mkorogo kama kila kitu katika chumba kile. Alipanda kwenye stuli, akalichukua boksi.

"Wee, hayo ni mali yangu!" Gillian alipiga kelele. "Nimenunua!"

"Nishike basi," Rispah alimwambia. "Jaribu kunishika."

Gillian hakujaribu.

Hospitalini Tsuma alikagua bati moja moja, akanusa, akaviinua vichupa kwenye mwanga. Vilikuwa vizima. Rispah alitia maji, na unga ukatoweka, ukaacha maji angavu kama ya kisimani. Tsuma alipima kiasi kidogo sana, akakihakiki mara mbili, akaisukuma dawa polepole. Kisha wakangoja. Abdurahman aliruhusiwa kuingia, akasimama amekunja mikono kifuani asiguse kitu. Kwanza hapakuwa na lolote. Alasiri namba za mashine zilipanda kidogo na hazikurudi chini. Zikapanda tena. Kabla ya magharibi Rispah aligusa mguu wa mtoto akaukuta una uvuguvugu, na nepi ilikuwa imelowa. Hakuna aliyewahi kuufurahia mkojo namna ile. Tsuma aliketi sakafuni akaegemeza kichwa ukutani.

"Mwambie mama yake," alisema.

Mtoto alikuwa na siku ngumu mbele. Sukari ilipanda kama daktari alivyoonya, ikashughulikiwa. Dawa ilipunguzwa taratibu hadi ikaachwa, na presha ikajisimamia. Mapenzi alimwita Mwero, jina la babu yake.

Ya dawa yaliishia hapo. Ya watu ndiyo yaliyomchafua Rispah moyo.

Bwana Cliff aliitisha mkutano katika chumba cha chai. Alikuwa ameagiza keki na soda. Alisema hospitali ni familia, na familia haianiki nguo zake za ndani barabarani. Alisema biashara ni mbaya, mahoteli yamefungwa, na uvumi mmoja tu unatosha kuwapeleka wote nyumbani. Kisha akamtaka Griffin aombe msamaha. Griffin akaomba, kwa kichwa kilichoinama na viatu vinavyometa. Bwana Cliff akafunga macho, akaongoza sala ndefu ya kumkemea Shetani aliyepita stoo. Wote wakasema amina. Concepta alikuwa mstari wa mbele, uso umepakwa unga wa kufunika wekundu, na amina yake ilisikika kuliko zote. Sala ilipokwisha alikata keki, akampelekea Rispah kipande kwenye kitambaa cha karatasi.

Rispah alikitazama kile kipande. Krimu yake ilikuwa ya manjano. Alikirudisha mezani, akatoka nje, akaenda moja kwa moja kwa Abdurahman aliyekuwa ameketi na mkewe kwenye benchi.

"Nina jambo, na nimekatazwa kulisema," aliwaambia. Akalisema lote, tangu gundi hadi saluni. Mapenzi alikuwa amempakata mtoto. Kadiri maneno yalivyoendelea alizidi kumfunika kwa leso, kana kwamba watu wote wa jengo lile wanamtazama vibaya.

"Sista," Abdurahman aliuliza, "ile poda ingeingia mwilini mwake?"

"Sindano ilikuwa mkononi mwangu."

Fundi aliinuka. Hakupiga mtu, ingawa Griffin aliruka dirisha la stoo alipomwona akija. Abdurahman alikwenda kushtaki polisi, na Rispah na Daktari Tsuma wakaenda naye kueleza walichoona. Askari walifika siku ya pili kuchukua vichupa vya poda kutoka kwenye kabati alimoviweka daktari. Havikuwamo. Concepta alikuwa amekuja kazini alfajiri, akafanya usafi mkubwa, akavitia vyote kwenye tanuri la takataka. Alipoulizwa alisema ni kanuni ya usafi wa wodi. Saluni nayo ilikuwa imeoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu. Gillian aliwakaribisha askari chai.

Ilibaki neno kwa neno. Griffin aliachishwa kazi kimya kimya, hakufunguliwa kesi. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa na duka lake la dawa karibu na steji ya Ukunda, lenye kioo mbele na kibao cha kijani, na watu walipanga foleni wakimwita daktari. Concepta alibaki mkuu wa wauguzi. Tsuma alihamia hospitali ya serikali, mbali kule Taita.

Rispah alijaribu kubaki kwa ajili ya watoto. Hakuweza. Akimwona Concepta ameinama kitandani, mikono ile laini ikimgusa mtoto, ngozi ya mwili ilimsisimka. Concepta alimpa shikamoo ya mzaha siku moja, akitaka wacheke kama zamani. Rispah alimwitikia marahaba kwa adabu, akaenda kunawa. Mwisho wa mwezi aliacha kazi, akapata nyingine katika zahanati ndogo ya barabara kuu, jirani na kwao. Huko hakukuwa na kitanda cha joto wala mashine ya presha. Alipopokea dawa alifungua moja katika kila boksi, akatia maji akatazama, na wenzake wakamcheka kwamba anapoteza dawa. Akawaacha wacheke.

Habari za Jego zilimfikia kupitia madereva. Mwero alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, kisha akatembea, na sasa anakimbiza kuku.

Jioni moja Mzee Mangi alimuuliza kwa nini aliacha kazi nzuri ya pwani. Walikuwa wameketi uani, ugali na maziwa mala mbele yao. Rispah hakuwa amewahi kumwambia. Alimweleza bila kupamba, naye mzee akasikiliza huku tonge likiwa limesimama mkononi.

"Na huyo kijana," alisema mwishowe, "bado anauza dawa?"

"Anauza, baba."

"Kwa watoto?"

"Kwa kila anayeingia."

Mzee Mangi alilirudisha tonge kwenye sahani. Akainuka kwa shida, akaenda kwenye pipa, akateka maji kwa kata akasukutua mdomo, akatema, akasukutua tena. Rispah alikusanya vyombo akavifunika. Jioni hiyo hakuna aliyekula.